FAIDA IPO, MBONA HATUGAWANI? HISTORIA FUPI YA GAWIO NA KAMPUNI ZISIZOGAWA



Kamati ya kitabu hiki ilituomba sisi viongozi tuandike historia. Historia ya kikundi chenyewe mtaisoma kwa Katibu, maana yeye ndiye mwenye daftari. Sisi tumeona tuandike historia ya swali moja. Swali hilo huulizwa kila mkutano wa mwaka, na safari hii tunajua litaulizwa tena, tena kwa sauti kubwa: "Mwenyekiti, hesabu inasema faida ipo. Sasa mbona hatugawani?"

Akina mama wenzetu, swali hili halikuzaliwa Tunduma. Limeulizwa Dar es Salaam, Nairobi na Lusaka, na Uholanzi liliulizwa zaidi ya miaka 400 iliyopita. Tena wameuliza watu wenye fedha nyingi kuliko sisi, na wengine wamejibiwa vibaya kuliko tunavyojibiana hapa.

Neno lenyewe, gawio, wengi wetu tulilizoea kupitia redioni. Mtakumbuka Novemba 2019, Rais Magufuli alipopokea gawio la Serikali kule Chamwino, akazipa taasisi na kampuni ambazo hazijatoa siku 60 ziwe zimelipa. Wiki ile sokoni kila mtu alikuwa anadai gawio lake, hata anayedaiwa nyanya. Utani ulikuwa mtamu, lakini ulituachia fikra moja isiyo sahihi, kwamba kampuni ikikosa kutoa gawio basi kuna mtu amelikalia. Mara nyingine ni kweli amelikalia. Mara nyingi sababu ni nyingine kabisa.

Tuanze na Waholanzi, maana hapo ndipo tulipojiona wenyewe.

Zamani wafanyabiashara wa Uholanzi waliokuwa wakifuata viungo Bara la Asia walifanya kama tufanyavyo kwenye VICOBA. Watu walichanga fedha, wakatuma merikebu, wakangoja. Merikebu zikirudi, mzigo unauzwa, kila mtu anapewa mtaji wake na faida yake, kampuni inakufa. Wakitaka safari nyingine wanachanga upya. Ni kuvunja sanduku kila mzunguko. Ulikuwa utaratibu mzuri na usio na maneno mengi, lakini kila safari ilianza na mikono mitupu, na kampuni hizo ndogondogo zilipigana bei zenyewe kwa zenyewe.

Mwaka 1602 ziliunganishwa zikawa kampuni moja kubwa, Kampuni ya Waholanzi ya India ya Mashariki. Hiyo haikuvunja sanduku baada ya kila safari. Waliweka katika hati yao kwamba hesabu kuu ingefungwa baada ya miaka 10, na asiyetaka kuendelea achukue chake aondoke. Jamani, miaka 10! Tulipofika hapo tukatazamana.

Sasa basi, mwaka wa kwanza gawio hakuna. Wa pili hakuna. Fedha zilikuwa zinakwenda kwenye merikebu, ngome na vita na Wareno. Mwaka 1609 mfanyabiashara mmoja, Isaac Le Maire, ambaye aliwahi kuwa mkurugenzi humohumo ndani, aliandika malalamiko kwa wakubwa wa nchi kuhusu jinsi kampuni inavyoendeshwa na wenye hisa wanavyokaa bila kitu. Mwaka 1610 ndipo gawio la kwanza lilipotolewa, na sehemu kubwa ya gawio hilo haikuwa fedha. Walipewa basibasi, kile kiungo kinachofunika kungumanga. Hebu fikiria, mama, umeweka akiba miaka minane, unaitwa ofisini, unakabidhiwa gunia la kiungo ukaliuze mwenyewe, na jirani yako naye anauza hichohicho. Wapo waliokataa kuchukua.

Na ile ahadi ya miaka 10? Ilipofika mwaka 1612 hesabu kuu haikufungwa. Wakubwa wa nchi waliiruhusu kampuni isifanye hivyo. Aliyetaka fedha yake aliambiwa akatafute mtu wa kumuuzia hisa yake pale Amsterdam. Kumbe hapo ndipo soko la hisa lilipopata nguvu. Huchukui fedha yako ndani ya kampuni, unamwachia mwenzako nafasi yako na yeye anakulipa. Kampuni ile baadaye ilitajirika sana na kutoa gawio miaka mingi. (Tusisahau kwamba utajiri ule ulikuwa na damu ya watu wa visiwa vya Banda, waliouawa na kuhamishwa mwaka 1621 kwa ajili ya kungumanga hiyohiyo. Gawio halisemi limetoka wapi.)

Hapo pana sababu ya kwanza ya kampuni kutogawa: bado inajenga. Sheria zetu nazo zinasema jambo la msingi. Chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 gawio hutoka kwenye faida, halitoki kwenye mtaji. Tena kwa kawaida wakurugenzi ndio wanaopendekeza kiasi, halafu Mkutano Mkuu wa wenye hisa unakubali. Katika kampuni nyingi mkutano unaweza kupunguza kiasi kilichopendekezwa, lakini hauwezi kukiongeza. Kwa hiyo mwenye hisa si kama mdai. Aliyekopesha benki au kampuni ana haki ya kudai riba yake siku ikifika, faida iwepo isiwepo. Mwenye hisa hungoja mpaka wote wameshalipwa, wafanyakazi, wenye mikopo, TRA, ndipo atazame chungu kimebaki na nini.

Kwetu Tanzania, Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa tarehe 15 Aprili 1998. Kampuni ya kwanza kuandikishwa ilikuwa TOL, ile ya gesi ya oksijeni. Si kampuni ya mbali na sisi. Gesi ya kaboni inayotoka ardhini kule Kyejo, Rungwe, ile inayotiwa kwenye soda ikafanya mapovu, ni wao wanaoivuna. Basi huyo mzaliwa wa kwanza wa soko letu ndiye pia aliyewafundisha watu kungoja. Kwa miaka mingi wenye hisa wa TOL walikaa bila gawio, kwa sababu hasara za nyuma zilikuwa zimelimbikizana na kila faida ndogo iliyopatikana ilikwenda kufukia shimo. Mwenye hisa aliyesikia "mwaka huu tumepata faida" aliona anadanganywa. Hakudanganywa. Ukiwa na deni la dukani la miezi sita, mauzo mazuri ya wiki moja hayakufanyi tajiri.

Kampuni ya bia, TBL, iliingia sokoni mwaka huohuo wa 1998, na yenyewe ikajulikana kwa kutoa gawio. Ndiyo maana watu walilinganisha wakasema huku wanaiba, kule hawaibi. Lakini bia ilikuwa na kiwanda tayari, wateja tayari, na kiu ya Watanzania haihitaji kutangazwa.

Ndege ni jambo lingine. Precision Air iliuza hisa kwa wananchi mwishoni mwa mwaka 2011, hisa moja sh. 475. Shirika lilikuwa limenunua ndege kwa mikopo, mafuta yananunuliwa kwa dola, tiketi nyingi zinauzwa kwa shilingi. Katika miaka iliyofuata hasara ilifuata hasara, na gawio halikuonekana. Jirani zetu wa Kenya waliona hayohayo kwa ukubwa zaidi. Kenya Airways iliingia soko la Nairobi mwaka 1996, ikasifiwa Afrika nzima, ikanunua ndege nyingi kwa madeni. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2015 ilipata hasara ya zaidi ya sh. bilioni 25 za Kenya. Julai 2020 hisa zake zilisimamishwa kuuzwa sokoni, zikarudi Januari 2025. Aliyekuwa nazo miaka yote hiyo hakupata gawio, na kwa zaidi ya miaka minne hata kuziuza hapo sokoni hakuweza.

Mkopo ndio unaofunga mlango wa gawio kuliko kitu kingine, na tunataka wanachama walielewe hili vizuri. Benki inapoikopesha kampuni, mara nyingi huweka sharti kwamba mpaka mkopo ufike kiwango fulani wenye hisa wasipewe kitu. Ni haki yao, nasi tungeweka sharti hilohilo. Upande wa pili wa mpaka wetu mnayaona malori ya shaba yanayopanga foleni hapa Tunduma usiku na mchana. Shaba ipo, inapita mbele ya macho yetu. Lakini mwaka 2021 kampuni ya ZCCM Investments Holdings, ambayo hisa zake ziko kwenye soko la Lusaka, iliununua mgodi wa Mopani kutoka Glencore kwa dola 1 tu, pamoja na kubeba deni la dola bilioni 1.5. Mwaka 2024 ilibidi asilimia 51 ya mgodi apewe mwekezaji kutoka Falme za Kiarabu ili mtaji upatikane. Mtu anayehesabu malori barabarani atasema hawa ni matajiri. Anayesoma vitabu vya hesabu ataona deni.

Wapo pia wanaochelewa kugawa kwa kuwa bado ni wachanga. Walimu wa nchi hii walipoanzisha benki yao, Mwalimu Commercial Bank, hisa ziliuzwa mwaka 2015 kwa sh. 500. Walimu wengi walinunua wakitegemea mwaka unaofuata watakula matunda. Benki changa hukodi majengo, hununua mitambo, huajiri watu kabla haijapata wakopaji wa kutosha, na miaka ya mwanzo ilikuwa ya hasara. Walimu walilalamika hadharani, na sisi hatuwalaumu. Kosa halikuwa la mwalimu kutaka gawio. Wakati wa kuuziwa hisa, jamani, muuzaji husema sana habari ya mavuno na kidogo sana habari ya kungoja. Benki nazo zina bwana juu yao: Benki Kuu inaweza kuizuia benki isitoe gawio kama mtaji wake umepungua au gharama zake zimezidi. Hapo hata wakurugenzi wakitaka kugawa hawawezi.

Watu wengi wa huku kwetu waliifahamu habari ya hisa mwaka 2017, Vodacom Tanzania ilipouza zake. Sheria ilikuwa imerekebishwa mwaka 2016 kuzilazimisha kampuni za simu ziuze asilimia 25 kwa umma. Hisa milioni 560 ziliuzwa kwa sh. 850 kila moja, jumla sh. bilioni 476, na mwezi Agosti mwaka huo zikaandikishwa sokoni. Kampuni ilianza kwa kutoa gawio. Halafu katika mwaka ulioishia Machi 2021 ikatangaza hasara ya karibu sh. bilioni 30. Laini zilizokuwa hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilikuwa zimefungwa, na wateja wamepungua. Julai mwaka huohuo ikaja tozo ya miamala, ambayo sisi tunaotuma fedha kwa simu hatuna haja ya kuelezwa. Mwaka uliofuata hasara tena. Miaka hiyo miwili gawio la mwaka halikutoka, na bei ya hisa sokoni ilikuwa imeshuka chini ya ile ya kununulia. Faida ilirudi katika mwaka ulioishia Machi 2023, na gawio likarudi nayo.

Linganisheni na CRDB, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa wananchi mwaka 2009 kwa sh. 150. Gawio la mwaka 2019 lilikuwa sh. 17 kwa hisa, la mwaka 2021 sh. 36, la mwaka 2023 sh. 50. Aliyengoja alipata. Lakini hakuna aliyemwahidi, na hilo ndilo tunalosisitiza.

Kule Marekani wako wanaokataa kugawa ingawa fedha wanazo tele. Kampuni ya Berkshire Hathaway ya mzee Warren Buffett ilitoa gawio mara moja tu chini yake, senti 10 mwaka 1967, basi. Microsoft iliingia sokoni mwaka 1986 ikatoa gawio la kwanza mwaka 2003. Amazon imo sokoni tangu mwaka 1997 na haijatoa kabisa. Hoja yao ni kwamba shilingi ikibaki ndani ya kampuni itazaa kuliko ukipewa mkononi, na thamani ya hisa yako itapanda. Ukitaka fedha, uza hisa moja. Aidha kuna kodi. Kwetu hapa gawio la kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa hukatwa asilimia 5, na la kampuni isiyo sokoni asilimia 10. Gawio la sh. 100 hufika mkononi likiwa sh. 95. 

Hoja hiyo ni nzuri, lakini sisi tunaona ina mguu mmoja mfupi ikiletwa huku. Amerika ukitaka kuuza hisa leo, mnunuzi yupo leo. Hapa kwetu hisa za kampuni nyingine hukaa wiki nyingi bila kuguswa na mtu. Wapo wenzetu kikundini walionunua hisa za kampuni moja, hatuitaji, wakakaa miaka bila gawio. Mmoja alipouguliwa na mume akataka kuuza, aliambiwa angoje mnunuzi. Alingoja mpaka mgonjwa akarudi nyumbani kwa fedha za kikundi. Kwa hiyo mtu akikwambia "usijali gawio, bei itapanda", muulize pia hiyo bei utailipwa na nani, na lini.

Kisha ipo sababu mbaya, tusiifiche. Kuna kampuni zisizogawa kwa sababu hesabu hazieleweki. NICOL ilianzishwa ili Watanzania wa kawaida wachange na kumiliki uchumi, ikaingia Soko la Hisa mwaka 2008. Mwaka 2011 iliondolewa sokoni kwa kutotoa hesabu zilizokaguliwa, na maelfu ya wenye hisa wakabaki na vyeti ndani ya sanduku la nguo. Ilirejea mwaka 2018. Mkulima aliyenunua hisa kwa fedha ya kahawa hakuwa na njia ya kujua kama faida yake inajenga kitu au imeyeyuka. Kutogawa kwa mwenye vitabu wazi na kutogawa kwa mwenye vitabu vilivyofungwa ni vitu viwili, ingawa siku ya gawio vyote vinakuachia mikono mitupu.

Sasa tuje nyumbani. Utaratibu wetu wa kuvunja sanduku asili yake ni vikundi vya wanawake wa Niger vilivyoanza mwaka 1991 vikiitwa Mata Masu Dubara, ukaja Tanzania miaka ya 2000. Nasi tuliufuata kuanzia 2015 hadi 2020. Kila Desemba tuligawana, Januari tukaanza na mikono mitupu kama wale Waholanzi wa kwanza, na wenye kukopa Januari, wakati wa ada na mbolea, wakakuta sanduku jeupe. Mwaka 2021 wanachama walipiga kura, wengi wakakubali kwamba akiba ya mtu ni yake siku zote, lakini faida ya riba ibaki ijenge ghala na kununua mashine ya kukoboa, tuweze kununua mahindi ya Mbozi na mpunga wa Kamsamba wakati wa mavuno na kuuza bei ikipanda.

Wenzetu kadhaa walitoka. Mmoja wao, ambaye binti yake alikuwa anasubiri ada, alisimama akasema mbele yetu sote: "Mashine haiendi shule." Hatukuwa na jibu la kumrudishia, na mpaka leo hatuna. Kura ilikuwa halali, mashine ipo inanguruma, ghala lina bati na sakafu, na riba yetu imeshuka kwa sababu mtaji ni wetu. Na mama yule alipata ada kwa kuuza vitenge vyake kwa hasara upande wa Nakonde. Vyote viwili ni vya kweli na vyote viwili viandikwe humu.

Wale wanaosema uongozi umekula wanajua vitabu viko wapi. Hatusemi kwa hasira. Mwenye hisa wa NICOL angefurahi kuulizia vitabu akaonyeshwa.

Kamati imekaa mara tatu juu ya jambo hili. Deni la mashine limekwisha mwezi Juni. Ile sababu ya kujenga haipo tena kwa ukubwa uleule, na ile ya deni haipo kabisa. Pendekezo letu ni kwamba kuanzia mwaka huu theluthi moja ya faida igawanywe kwa kadiri ya hisa za kila mtu, theluthi mbili zibaki, na katika hizo itengwe fungu la ada la kukopwa Januari bila riba. Wapo ndani ya kamati wanaotaka nusu kwa nusu, na wako wawili wanaotaka tusigawe hata senti mpaka tununue mashine ya pili. Wote watasema hoja zao wenyewe mkutanoni.

Wenzetu waliotoka mwaka 2021 tumewapelekea barua za mwaliko. Hesabu za miaka yote 10 zimebandikwa ukutani ndani ya ghala, na Mweka Hazina atakaa hapo kila jioni baada ya saa 10 kumwelewesha yeyote, hata asiyejua kusoma. Kura itapigwa kwa siri, baada ya hesabu kusomwa na kabla ya chakula.